MAJI AMBAYO DAUDI ALIKATAA KUYANYWA

Somo: 2 Samweli 23:13-17. Soma pia 1 Wafalme 21 na 1 Wakorintho 8.



Mwezi huu tunajitayarisha kwa Sikukuu ya Mavuno, nami nimeombwa na Padre niandike neno la mafundisho kwa ajili ya gazeti letu. Nimechagua hadithi fupi ya wakati wa mavuno ambayo wengi wetu twaipita upesi, kwa kuwa iko karibu na mwisho wa kitabu, katikati ya majina ya mashujaa. Naomba kila mmoja afungue Biblia yake aisome mwenyewe kabla ya kuendelea.

Daudi alikuwa katika pango la Adulamu. Wafilisti walikuwa wamepiga kambi bondeni, na kikosi chao kilikuwa Bethlehemu, mji wa nyumbani kwake. Ilikuwa majira ya mavuno, naye akashikwa na hamu ya maji ya kisima kilichokuwa karibu na lango la mji ule. Hakumtuma mtu. Alitamani tu kwa sauti, kama vile mtu asemavyo nyumbani, laiti ningepata kitu fulani. Mashujaa watatu wakasikia, wakapenya katikati ya jeshi la adui, wakateka maji, wakamletea. Hapo Daudi akafanya jambo la kushangaza. Alikataa kuyanywa, akayamimina chini mbele za Bwana, kwa kuwa aliona kwamba kuyanywa ni sawa na kunywa damu ya watu wale waliokwenda kwa kuhatarisha maisha yao.

Tuangalie vema jambo hili. Maji yale hayakuwa najisi, wala Torati haikuyakataza. Kuona kiu si dhambi. Wale watatu walikwenda kwa hiari yao, tena walirudi wazima. Mtu mwingine angeshukuru, akanywa, akaomba kikombe cha pili. Kilichomzuia Daudi ni kwamba alijua maji yale yametoka wapi, na yamepatikana kwa njia gani, na nani alikuwa karibu kulipa bei yake. Alipoijua bei, hamu yake yenyewe ilimtisha.

Swali hilo la Daudi ndilo ninalotaka tuliulize leo juu ya chakula kinachotukuzwa kuliko vyote katika karamu zetu, yaani nyama ya ng'ombe. Ziko nchi ambako nyama hiyo imelipiwa kwa misitu mikubwa iliyoteketezwa, na kwa maisha ya watu. Nchi hizo ziko mbali nasi, lakini ndani yake wamo ndugu zetu wa imani moja, na mbele za Mungu jambo lao latuhusu.

MSITU UNAVYOGEUZWA MALISHO

Nilifundisha jiografia katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, kwa hiyo mtanivumilia nikianza na ramani. Katika Amerika ya Kusini kuna msitu wa mto Amazon, ambao ndio msitu wa mvua mkubwa kuliko yote duniani. Ukubwa wake wapita kilometa za mraba milioni 5, yaani zaidi ya mara tano ya Tanzania nzima. Yapata sehemu tatu kati ya tano za msitu huo zimo katika nchi ya Brazil. Tangu miaka ya 1970 hadi leo, kati ya asilimia 15 na 20 ya msitu wa Amazon imekwisha kukatwa. Na ukiuliza ardhi hiyo iliyokatwa imekuwa nini, jibu la wataalamu ni hili: sehemu iliyo kubwa kupita zote imekuwa malisho ya ng'ombe.

Kazi hiyo huendaje? Kwanza hupita barabara. Serikali ya kijeshi iliyotawala Brazil tangu mwaka 1964 ilitaka Amazon ikaliwe na watu, ikaanza mwaka 1970 kujenga barabara kuu ya kukata msitu ule, na matajiri walipewa nafuu ya kodi ili wafungue ranchi. Kwa barabara huja wapasuaji mbao, nao huchagua miti ya thamani kama mkangazi wa kule. Kisha huja watu wa misumeno ya injini, wakaangusha miti iliyobaki na kuiacha ilale mpaka ikauke. Kiangazi kikifika huchomwa moto, na moshi wake huonekana katika picha zinazopigwa na setilaiti. Juu ya majivu hupandwa majani, na ndipo ng'ombe huingizwa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Majani yanayopandwa zaidi kule ni ya jamii iitwayo brakiaria, ambayo asili yake ni Afrika, pamoja na huku kwetu Afrika Mashariki. Na ng'ombe wanaoyala ni hasa aina ya Nelore, ng'ombe weupe wenye nundu ambao asili yao ni India. Majani yetu hayana kosa, wala ng'ombe wa India hana kosa. Ni viumbe vizuri vya Mungu, kila kimoja mahali pake. Lakini mwanadamu amevichukua akaviweka mahali ambapo Mungu alikuwa amekwisha kupanda kitu kingine.

Mtu aweza kufikiri kwamba nchi yenye msitu mnene namna hiyo lazima iwe na udongo wenye rutuba nyingi. Sivyo. Katika sehemu kubwa ya Amazon udongo ni dhaifu. Rutuba imo katika miti yenyewe, na katika majani yanayoanguka, yakaoza, yakanywewa tena na mizizi upesi. Msitu ukichomwa, majivu hutia nguvu kwa miaka michache, kisha mvua huyachukua, udongo hushindiliwa na kwato, na malisho huanza kuchoka. Kwa wastani hekta moja hulisha ng'ombe mmoja, au zaidi kidogo tu. Malisho yakichoka, wengine huona kwamba kukata msitu mpya ni rahisi kuliko kutunza shamba la zamani. Tena katika maeneo yale ng'ombe ni kama saini. Mtu akitaka kudai kwamba ardhi ya umma ni yake, huweka ng'ombe juu yake ili aonekane anaitumia.

Basi leo Brazil ina ng'ombe zaidi ya milioni 230, hali watu walihesabiwa mwaka 2022 kuwa milioni 203. Sehemu kubwa ya nyama yao huliwa na Wabrazil wenyewe, na inayobaki yatosha kuifanya nchi hiyo iongoze duniani kwa kuuza nyama ya ng'ombe nje. Mnunuzi wake mkubwa ni China.

SHAMBA LA NABOTHI

Sasa tugeukie 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi, apate kulifanya bustani ya mboga. Tazameni, ugomvi wote ule ulianzia kwenye mboga ya mezani. Nabothi alikataa, maana shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli akatumia muhuri wa mfalme, wakatafutwa mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe akafa. Ahabu mwenyewe hakushika jiwe. Aliambiwa tu kwamba mwenye shamba amekufa, akainuka akaenda kulitwaa. Hakuuliza amekufaje.

Katika jimbo la Acre, Brazil, alikuwapo mgema mpira aliyeitwa Chico Mendes, wa mji mdogo wa Xapuri. Wagema mpira huishi kwa kugema utomvu wa miti ya porini na kuokota njugu, bila kuangusha mti. Wenye ranchi walipokuja na misumeno, Chico Mendes na wenzake waliunda chama cha wafanyakazi, wakawa wanakwenda kusimama mbele ya wakataji, wanaume kwa wanawake na watoto wao, bila silaha, wakiwasihi waache kazi ile. Kwa njia hiyo waliokoa maeneo makubwa ya msitu. Tarehe 22 Desemba 1988, siku tatu kabla ya Krismasi, alipigwa risasi mlangoni pa nyumba yake, akafa akiwa na umri wa miaka 44. Mwaka 1990 mahakama ilimtia hatiani mwenye ranchi mmoja pamoja na mwanawe. Mwaka huo huo serikali ilitenga hifadhi kubwa yenye jina la Chico Mendes, ambamo wagema mpira wana haki ya kuishi na kufanya kazi yao.

Alikuwapo pia mtawa wa Kanisa Katoliki, Sista Dorothy Stang, mzaliwa wa Marekani aliyekwenda Brazil mwaka 1966 akakaa huko hata kufa. Alifanya kazi na wakulima wadogo karibu na mji wa Anapu katika jimbo la Pará, akiwafundisha kulima bila kuumaliza msitu, na akisimama nao walipofukuzwa na watu wenye kutaka ardhi ile kwa ng'ombe. Tarehe 12 Februari 2005 watu wawili wenye bunduki walimkuta katika njia ya udongo. Alikuwa na umri wa miaka 73. Ilielezwa kwamba walipomwuliza kama ana silaha, aliwaonyesha Biblia yake, akawasomea maneno ya Bwana wetu juu ya watu walio heri. Kisha wakampiga risasi.

Wako na wengine ambao majina yao hayakuandikwa magazetini. Mwaka 1995 serikali ya Brazil ilikiri mbele ya ulimwengu kwamba bado kuna watu wanaofanyishwa kazi kama watumwa, ikaunda vikosi vya wakaguzi wa kwenda kuwaokoa. Katika miaka iliyofuata, ranchi za ng'ombe ndizo zilizotajwa mara nyingi kuliko kazi nyingine. Mtu maskini huahidiwa ujira mzuri wa kufyeka msitu, husafirishwa mbali, kisha huambiwa kwamba anadaiwa nauli, chakula, hata panga alilopewa. Deni haliishi, na njia ya kurudi nyumbani haijui. Sisi wa pwani hii, ambao babu zetu walizifahamu njia za misafara ya watumwa, hatuhitaji kuelezwa sana maana ya neno hilo.

Tena damu hiyo haionekani sokoni. Ndama aweza kuzaliwa katika shamba lililokatwa kinyume cha sheria, akauzwa kwa shamba jingine lenye karatasi safi ili anoneshwe, na ndipo akapelekwa machinjioni. Mchinjaji husema, mimi nimenunua kwa mtu halali. Mwenye duka husema, mimi nimenunua kwa mchinjaji. Mlaji husema, mimi nimenunua dukani. Kila mmoja amefanya kama Ahabu, ameletewa shamba lililo tayari bila kuuliza mwenyewe amekufaje. Eliya alipomkuta mfalme katika shamba lile, hakuukubali udhuru huo.

MVUA ITOKAYO KWENYE MITI

Bei ya pili hulipwa na mbingu. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Brazil aitwaye Eneas Salati alichunguza mvua ya Amazon, akaona kwamba karibu nusu yake hutokana na msitu wenyewe. Maji hutoka baharini kwa upepo, hunyesha, miti huyanywa na kuyapumua tena hewani kwa majani yake, yakawa mawingu mapya yanayosogea mbele kunyesha tena. Sehemu ya unyevu huo huelekea kusini, ukanyeshea mashamba ya Brazil ya kusini na nchi jirani. Mwenye kukata msitu apate malisho anakata pia mvua ya malisho hayo. Mwaka 2018 wataalamu wawili, Thomas Lovejoy na Carlos Nobre, walionya kwamba ikiwa ukataji utafikia kati ya asilimia 20 na 25, sehemu kubwa ya msitu huenda ikashindwa kujirudisha, ikageuka kuwa mbuga kavu. Linganisheni hesabu hiyo na ile niliyoitaja mwanzoni, mwone jinsi tulivyokaribia.

Mwezi wa Oktoba 2023 mto Rio Negro huko Manaus ulishuka hadi kina kilichokuwa kidogo kuliko chochote kilichopata kuandikwa tangu vipimo vilipoanza mwaka 1902, na Oktoba 2024 ukashuka zaidi ya hapo. Vijiji vilivyotegemea mashua vilikatika. Sisemi kwamba ukataji wa miti peke yake ndio ulioleta ukame huo, maana joto la dunia nzima limeongezeka. Lakini moshi wa misitu inayochomwa, na hewa ya tumbo la ng'ombe, ni miongoni mwa vitu vinavyoongeza joto hilo, nalo halichagui nchi. Mkulima wa mahindi wa mtaa wetu anayetazama mawingu kila Machi, asijue kama mvua itakuja mapema au itachelewa, anaishi chini ya mbingu ile ile.

KWA WANAOULIZA

Nafahamu kwamba msomaji ana maswali. Nitajibu matatu.

Kwanza, wengine watasema, Mungu ameruhusu nyama. Ndiyo, ameiruhusu. Nuhu alipewa ruhusa hiyo katika Mwanzo 9. Ibrahimu aliwachinjia wageni wake ndama, na baba wa mwana mpotevu alifanya vivyo hivyo kwa furaha. Sifundishi kwamba nyama ni haramu, na mtu asije akasema Mwalimu ameleta dini mpya. Lakini ndama yule wa Luka 15 alikuwa amenoneshwa kwa siku maalumu, siku ambayo mfu alifufuka. Tofauti yake ni ile ya Hesabu 11, ambapo Waisraeli walikuwa na mana kila asubuhi, wakalia machozi kwa ajili ya nyama, wakaletewa kware mpaka wakazikwa wakingali na nyama midomoni. Mahali pale pakaitwa makaburi ya wenye tamaa. Biblia ina nyama ya shukrani na nyama ya uroho, nasi yatupasa kujua ipi iko katika sahani yetu.

Pili, wengine watasema, jambo hili latuhusu nini sisi? Nyama ya buchani kwetu yatoka minadani kwetu. Ni kweli. Ng'ombe wa Mmasai au wa Mgogo anayechungwa katika mbuga iliyokuwa mbuga tangu zamani hakuchoma msitu wa Amazon, na ni uonevu kumtwisha mzigo wa wenye ranchi wa ng'ambo. Na mama anayepika nusu kilo kwa watoto sita siku ya Pasaka, namwambia ale kwa furaha. Hata misitu yetu wenyewe, hiyo inayopungua milimani, humalizwa zaidi na mashamba mapya na mkaa kuliko na ng'ombe. Lakini miji yetu inakua, na pamoja nayo inakua desturi ya kupima heshima ya mtu kwa wingi wa nyama. Kwenye harusi zetu, kamati huulizwa habari ya ng'ombe kabla ya kuulizwa habari ya nyumba ya maharusi. Watu wa Ulaya na Marekani walianza hivyo hivyo. Mwaka 1981 mtaalamu Norman Myers alieleza jinsi misitu ya Amerika ya Kati ilivyokuwa ikiangushwa ili watu wa Marekani wapate nyama ya bei nafuu ya kusaga na kuweka katika mikate. Hakuna mlaji hata mmoja aliyekusudia kuharibu msitu. Kila mmoja alitamani tu, kama Daudi alivyotamani, na wengine wakaenda kuleta.

Tena dunia imeshikamana. Mwaka 2023 Jumuiya ya Ulaya ilitunga sheria ya kuzuia bidhaa zilizotoka katika ardhi iliyokatwa msitu karibuni. Humo zimo ng'ombe na soya, na pia kahawa na kakao. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wakulima wa kahawa wa nchi yetu wanajua kwamba siku yaja watakapotakiwa kuonyesha shamba lao liko wapi hasa. Swali la Daudi laanza kuulizwa hata na maofisa wa forodha. Ingekuwa aibu Kanisa liwe la mwisho kuliuliza.

Tatu, wengine watasema, mtu mmoja atabadili nini? Mtakatifu Paulo aliulizwa jambo linalofanana na hilo Korintho, juu ya nyama iliyopitia hekalu la sanamu. Alijua kwamba nyama ni nyama tu. Hata hivyo alisema kwamba kama kula kwake kungemwangusha ndugu ambaye Kristo alimfia, angekuwa tayari kukaa bila nyama siku zote. Hakungoja Korintho nzima ikubaliane naye kwanza. Alimtazama ndugu yake mmoja, na hilo likamtosha.

TUMAINI LIPO

Tusikate tamaa, maana habari za miaka hii zatuonyesha kwamba toba yawezekana hata kwa taifa zima. Mwaka 2004 Brazil ilipoteza msitu wa Amazon upatao kilometa za mraba 27,800, eneo lisilo mbali na ukubwa wa Mkoa wa Tanga. Serikali ikaanza kutumia setilaiti kuwaona wakataji mapema, ikatenga hifadhi, ikawanyima mikopo wavunja sheria, na mwaka 2009 makampuni makubwa ya nyama yalilazimika kukubali kutonunua moja kwa moja kwa mashamba yaliyokata msitu. Ilipofika mwaka 2012 hesabu ilikuwa imeshuka hadi 4,600 hivi. Kisha ulinzi ukalegezwa, na mwaka 2021 ikapanda tena hadi 13,000, karibu sawa na Mkoa wa Kilimanjaro. Ulinzi uliporudishwa ikashuka, na mwaka 2024 ikawa yapata 6,300. Somo ni wazi kwa mwanafunzi yeyote. Mkono ukishika, msitu hupona. Mkono ukilegea, moto hurudi.

Waziri wa Mazingira wa miaka ile ya mwanzo, tangu 2003 hadi 2008, alikuwa Marina Silva, ambaye alirudi katika kazi hiyo mwaka 2023. Yeye alizaliwa katika familia ya wagema mpira huko Acre, hakujua kusoma mpaka umri wa miaka 16 hivi, akafanya kazi bega kwa bega na Chico Mendes, naye ni Mkristo anayejulikana kwa imani yake. Ninyi vijana mnaosema hamna elimu ya kutosha kulitumikia taifa, mtafakarini mama huyo.

Na Costa Rica, mojawapo ya nchi zile za Amerika ya Kati zilizokatwa kwa ajili ya malisho, ilibaki na msitu wa kama robo ya nchi katika miaka ya 1980. Kwa sheria ya mwaka 1996 walikataza kugeuza msitu kuwa kitu kingine, wakaanza kuwalipa wenye ardhi wanaotunza miti. Leo zaidi ya nusu ya nchi hiyo ni msitu tena.

YATUPASA KUFANYA NINI

Kwanza, tuulize. Kabla ya Baraka ya meza, baba au mama awaulize watoto: chakula hiki kimetoka wapi, na nani amekifanyia kazi? Mtoto aliyezoea swali hilo hatakuwa Ahabu atakapokuwa na fedha.

Pili, tupime. Nashauri kamati ya Sikukuu ya Mavuno mwaka huu ichinje kidogo kuliko mwaka jana, na maharage, kunde, samaki na mboga za bustani zetu zipewe heshima mezani pamoja na nyama. Fedha itakayobaki itiwe katika mfuko wa wajane. Najua ushauri huu utazungumzwa sana chini ya mwembe baada ya ibada, na wengine wataona kwamba mtaa utaaibika mbele ya wageni. Mithali 15:17 yatufundisha kwamba sahani ya majani penye upendo yashinda ng'ombe aliyenona penye chuki. Mgeni atakayetudharau kwa hilo, na tumsomee.

Tatu, tupande na kuombea. Kanisa letu la Anglikana duniani limekiri tangu mwaka 1990 kwamba kuutunza uumbaji ni sehemu ya utume wake, na katika Mkutano wa Lambeth wa mwaka 2022 maaskofu walianzisha mpango wa kupanda na kulinda misitu katika majimbo yao yote. Miche yetu shuleni ni sehemu ya msitu huo mmoja. Huko Amazon kwenyewe tuna ndugu. Dayosisi ya Kianglikana ya Amazônia makao yake ni Belém, mji ule ule ambako mataifa yalikutana Novemba 2025 kujadili tabianchi. Askofu wake, Mama Marinez Bassotto, alichaguliwa mwaka 2022 kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Brazil. Na jina Belém kwa Kireno maana yake ni Bethlehemu. Basi kisima cha Bethlehemu kinalindwa leo na ndugu zetu waliozungukwa na wenye nguvu. Tuwataje katika maombi yetu Jumapili ya Mavuno.

Tuombe.

Ee Mungu Mwumba wetu, uliyeotesha msitu na kumpa ng'ombe majani yake, twakushukuru kwa kila tunachokula. Utusamehe kwa vikombe tulivyokunywa bila kuuliza vilitoka wapi. Wakumbuke waliouawa kwa ajili ya ardhi na miti, wafariji wajane na yatima wao, wageuze mioyo waliowaua. Walinde watu wako wa Belém na wa mito yote ya Amazon. Utupe sisi moyo wa Daudi, tujue bei ya tamaa zetu, na mkono wa kuzuia pale inapotupasa kuzuia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyemwaga damu yake mwenyewe ili sisi tupate kuishi. Amina.